Kilatini Changu na Viatu vya Wazazi

Nichekeni tu, nimestahili. Siku hizi kila mtu anafungua shule binafsi, na yetu ya Mandewa ikataka kufundisha Kilatini. Nikapewa kazi ya kuwashawishi wazazi kikaoni. Nikaja mbio kwa miguu toka Unyambwa, nikashika sinia la chai na soda, nikawa namuuliza kila mzazi kwa Kilatini, “Mavis?” Maana yake, unapendelea nini?

Kila niliyemuuliza aliinama, akatazama soli za viatu vyake. Moyoni nikajipongeza: kumbe Kilatini kinaheshimika hivi! Nikazidisha sauti.

Nikamfikia bibi mmoja. “Shikamoo, bibi. Mavis?”

“Marahaba, mwalimu. Hayo mavi tumeyatafuta viatuni mwetu wote, hayapo. Hebu inua chako.”

Nikainua. Yapo, tena mabichi.