Ng'ombe wa Hlobisile

Tangu alfajiri Khonzaphi Mbatha alikuwa ametibu watu kumi na mmoja, na kila mmoja alikuja na mzigo wake akamwachia yeye mabegani. Majirani humwita Gogo, yaani bibi, ingawa ana ndevu. Ndivyo mganga anavyoitwa huko Msinga. Saa nane mchana alinawa mikono, akatoka kwenda kwenye kazi yake ya pili, ile inayommaliza: mchezo wake wa kuigiza.

Mwaka juzi aliuonyesha ukumbini shuleni. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki, kimya, mikono magotini, kama wanaosubiri sindano. Enzi za bibi yake hakuna aliyekaa kutazama tu. Mmoja akiimba, wote huitikia. Kwa hiyo safari hii aliapa: mchezo uchezwe zizini kwao, la sivyo aachane nao kabisa. Hakuwa tena na nguvu za kupoteza kwa jambo lisilokwenda.

Watu walikuwa wameshajaa uani wakati kaka yake Mphikeleli, mwenye boma, alipoziba lango la zizi kwa fimbo.

"Huyo mjane wa mchezo wako, anayewaita ng'ombe wake waliotekwa, anaigizwa na nani?"

"Hlobisile."

"Mke wa mwanangu? Akanyage zizi la wazee wetu? Khonzaphi, mganga ni wewe au ni mimi?"

Gogo akafumba macho. Miezi minne walifanyia mazoezi nyuma ya jiko, na yeye, anayewakanya wake za watu kila siku wasiingie mazizini, hakuliwaza hilo hata mara moja. Na sauti ya kuwaita ng'ombe alikuwa nayo Hlobisile tu.

"Tuahirishe, Baba," Hlobisile alimwambia Gogo taratibu, macho chini. "Umechoka."

"Nimechoka, mwanangu. Nikiahirisha leo, sirudi tena."

Akaketi juu ya jiwe. Akalitazama zizi, ng'ombe walikuwa malishoni. Akawatazama wanaume. Kisha akainua mkono, polepole, kama anainua gunia.

"Wanaume wote, twendeni zizini. Sisi ndio ng'ombe. Wanawake, kaeni nje na Hlobisile."

"Mimi ng'ombe?" Mphikeleli alifoka.

"Fahali, kaka."

"Fahali gani na tumbo hilo!" shangazi mmoja akadakia. "Huyo ana ndama!"

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Mphikeleli akaingia, akinuna.

Hlobisile alisimama nje ya lango, asiingize hata kidole cha mguu. Akamwimbia ng'ombe wa kwanza, mwekundu mwenye pembe zilizopinda. Wanawake wakaitikia bila kufundishwa. Mzee mmoja akalia "Muuu!", akatoka. Akatoka wa pili, wa tatu. Mphikeleli alijikaza, akajikaza, mwisho naye huyo, kichwa chini, samadi mpaka kwenye soksi.

Zizini akabaki Gogo peke yake, ameegemea nguzo, goti limegoma. Mchezo usingekwisha mmoja akiwa bado ndani, na kwa mila Hlobisile hatamki jina la baba mkwe wala la ndugu yake.

"Ng'ombe mzee," aliimba, "uliyelima mashamba ya watu wote, njoo nyumbani upumzike."

Wanawake wakaitikia. Gogo akashika nguzo, akajivuta, akaanza kuchechemea kuelekea langoni.