Umeme wa Bei ya Kuanzia

Mimi si mtu wa kupigwa. Nimelelewa na mwanamke aliyeuza masufuria Kariakoo tangu sijaota meno, na kabla sijajua kusoma nilikwishajua kwamba bei anayoitaja mwenye duka ni salamu tu, na mteja mwenye akili zake haondoki bila kuijibu. Ndiyo maana mambo yaliyotupata huku Seven Hills, kitongoji cha Sydney, katika baridi ya pili ya corona, mpaka leo yananichekesha na kunitia hasira kwa pamoja.

Mama alikuja Sydney kumwona mjukuu wake. Alikuja kwa miezi mitatu, mipaka ikafungwa, ndege zikakatika, na miezi mitatu ikazaa mwaka na zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Alipika, alifua, alimsemesha binti yangu Kiswahili kutwa nzima, na binti akamjibu kwa Kiingereza, wakaelewana. Kilichomshinda ni baridi. Nyumba za huku zimejengwa na watu wasioamini kwamba baridi ipo. Upepo unapita chini ya milango kama mwenye nyumba.

Mwaka ule amri ya kukaa ndani iliubana upande wetu wa mji kuliko pande nyingine. Mume wangu alikuwa na kibali cha kwenda kazini kwenye ghala huko Ingleburn, kwa hiyo aliondoka alfajiri. Mimi nilifanyia kazi chumbani, napokea simu za wagonjwa wa kliniki moja. Kila asubuhi niliwasha hita sebuleni, nikamwekea Mama kiti karibu, nikaingia kazini.

Siku moja binti yangu alinifuata chumbani, akasimama mlangoni.

"Mum, Bibi turns it off when you go."

Nilitoka kama nilivyo, na vidude vya simu masikioni. Hita imezimwa. Mama amevaa sweta mbili na juu yake koti la mume wangu, kanga kichwani, anajaribu kumenya kitunguu na vidole vimemgoma. Nilipatwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa nagomba.

"Mama, ukiugua huku watakulaza, na mimi mlangoni hawaniruhusu! Unalijua hilo?"

Akaweka kisu chini taratibu.

"Bili niliiona kwenye simu yako. Hili dude linakula. Kwangu umeme wa luku nanunua mwenyewe, mama. Nikitaka kuwasha taa zote mchana kweupe, ni shauri langu. Hapa nitawasha kwa ubavu wa nani?"

Ningemwambia asijali, ningekuwa nimempiga kofi. Mwanamke huyu hajawahi kuwashiwa taa na mtu. Kwa hiyo nikamweleza ukweli: bili ni kubwa kwa sababu kampuni ni ghali, na nimekuwa nikitaka kuhama sipati nafasi.

"Kuhama? Kwani kampuni ziko nyingi?"

"Nyingi tu."

"Na hii umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu tuhamie hapa."

"Walikupunguzia kiasi gani?"

Nikajifanya narekebisha vidude vya masikioni. Mama akanitazama kama aliyegundua kwamba hospitalini walimbadilishia mtoto.

"Wewe! Miaka yote hiyo unalipa bei ya kuanzia?"

Hapo hata baridi aliisahau. Akaagiza nipige simu, niweke spika, nifuate ishara zake. Mbinu niliijua, nimekua nikiiona: unataja bei yako ya mwisho, unaweka sufuria chini, unageuka, unaondoka. Hutazami nyuma. Kabla hujafika mbali utasikia, "Dada, njoo basi tuelewane." Sijawahi kuona ikishindwa.

Wakati wa mapumziko ya mchana nikapiga. Alipokea kijana mpole. Nikamwambia bei zenu ni kubwa, mnanipunguzia vipi? Akaangalia, akasema niko kwenye bei ya kawaida, na kwa sasa hana nyingine ya kunipa. Mama akatikisa mkono: ondoka.

"Basi mimi nahama," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha geuza mgongo.

"No worries," akasema kijana. "Ungependa umeme ukatwe siku gani?"

Nikamtazama Mama, nikamtafsiria kwa midomo tu. Mkono wake ukazidi kupunga: nenda, nenda, usigeuke. Nami, msomi mzima mwenye mkopo wa nyumba, nikasema Ijumaa. Kijana akanishukuru kwa kuwa mteja wao, akanitakia siku njema, akakata.

"Atapiga," Mama akasema, akainjika chai.

Tulikunywa chai yote na simu imelala mezani kati yetu. Mlio ulipokuja ulikuwa wa barua pepe: akaunti yetu itafungwa, umeme utakatwa Ijumaa, kila la heri huko mwendako.

Mume wangu aliporudi tukamsimulia. Alianza kucheka akiwa anavua viatu, akamalizia akiwa amekaa sakafuni.

"Kwa hiyo mmeisusia kampuni ya umeme?"

Mama hakucheka. Alisema amechoka, akaenda kulala na jua halijazama vizuri. Asubuhi yake hakujisumbua hata kunizuga. Nilipowasha hita aliizima mbele ya macho yangu, akajifunika blanketi.

"Nimekuzimia nyumba, mwanangu," akasema. "Mgeni anakuja kusaidia, anaishia kuwatia watu gizani. Sasa niacheni."

Niliumia. Kariakoo mama huyu alikuwa akiingia dukani watu wanasogeza viti. Sasa amejikunja kwenye kochi langu anaomba radhi kwa kutumia hewa yangu. Nikaipigia simu kliniki kusema nina dharura nyumbani, na sikuona kama nimesema uongo.

"Mama, inuka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Duka la kwanza tumeliacha. Unataka kuniambia soko zima lina duka moja?"

Akafunua blanketi kidogo.

Nikafungua kompyuta kwenye tovuti ya serikali ya kulinganisha bei za umeme. Kampuni zikajipanga moja chini ya nyingine, kila moja na bei yake. Mama akavaa miwani.

"Kumbe wote wamekaa mtaa mmoja," akasema.

Nilimsomea. Nikamwonyesha kwamba kuna bei ya uniti, na kuna ushuru wa kila siku unaolipa hata kama hukuwasha taa. Waliotangaza uniti rahisi, wengine walikuwa wameificha hela yao kwenye ushuru. Mama akaguna, biashara ni biashara. Tukapiga hesabu mpaka tukabaki na kampuni moja. Nilitaka kubonyeza, akanishika mkono.

"Kwenye kioo hupatani na mtu. Piga."

Akapokea mwanamke. Nikamwambia habari yako, akasema nzuri, nikaanza shida yangu. Mama akanifinya.

"Umemsalimia au umemkohoa? Muulize habari za kwao."

Nikaona aibu, lakini nikauliza: na nyumbani je, familia hawajambo? Kisha yule mwanamke akasema anafanyia kazi jikoni kwake, na mama yake yuko nchi nyingine, na huu ni mwaka wa pili hawajaonana. Nikamtafsiria Mama. Mama akaisogelea simu, akaongea nayo moja kwa moja kwa Kiswahili.

"Pole, mwanangu. Mimi ni mama wa watu, nimekwama huku. Mama yako kakwama kule. Mungu atawakutanisha."

Nikatafsiri. Yule mwanamke akasema asante, polepole. Mama akakaa sawa kitini, akanigeukia.

"Haya. Sasa mwambie apunguze."

Mwanamke aliposikia alicheka kicheko cha kweli. Akasema bei imepangwa, yeye hana mamlaka ya kuigusa. Mama akasema sawa, bei tumeikubali, nyongeza iko wapi? Nikalazimika kueleza kwamba kwetu ukinunua fungu la nyanya, muuzaji anakuongezea moja juu, na asipoongeza mmeachana vibaya. Akatuomba tusubiri. Ukapigwa muziki. Aliporudi alisema kulikuwa na punguzo la wateja wapya kwenye bili ya kwanza, limekwisha muda wake, lakini msimamizi wake amekubali tupewe.

"Mwambie mama," akasema, "hiyo ndiyo nyanya yake."

Ikabaki kazi moja: kuirudia kampuni ya kwanza na kuiambia isikate umeme, kwamba hatuhami nyumba, tunahamia kampuni nyingine. Mama alikataa katakata. Duka ulilolisusa hulirudii, utachekwa. Nikapiga mwenyewe, nimejiandaa kwa vita. Walinijibu, "No worries," wakafuta.

"Hawa watu hawana hata hasira?" Mama akauliza. Nadhani alisikitika kwa niaba yao.

Ijumaa ikafika. Mama aliamka mapema, akavaa dera lake zuri, akakaa dirishani kungoja mafundi. Nikamwambia hakuna fundi atakayekuja, waya ni uleule, mita ni ileile, kinachobadilika ni nani tunamlipa. Hakuniamini mpaka jioni, taa zilipowaka kama siku zote.

Jumatatu nikawasha hita, nikamwekea kiti, nikaingia chumbani, nikafunga mlango na kutega sikio. Nikapokea simu ya mgonjwa, nikapokea nyingine, sikio moja liko sebuleni. Nikasikia kidude cha hita kikibofywa, tena na tena. Damu ikanipanda. Nikamwomba mgonjwa anisubiri, nikaufungua mlango kwa nguvu, maneno yote yako tayari mdomoni.

Sebule ilikuwa ya moto kama Dar ya mwezi wa pili. Mama alikuwa ameipandisha hita mpaka mwisho. Koti la mume wangu lilikuwa sakafuni, na sweta zote mbili. Alikuwa amekaa na dera lake, miguu ameinyoosha, anamenya vitunguu kwa kasi yake ya zamani, binti yangu ubavuni na fulana ya mikono mifupi. Hakuinua hata uso.

"Wewe, funga huo mlango," akasema. "Unanitolea joto. Umeme huu nimeuhangaikia mwenyewe."

Nikaufunga upesi, nikarudi kazini, kama mtoto aliyekaripiwa nyumbani kwa mama yake.