Vipande Tisa vya Krismasi

Desemba ya utoto wangu ilinuka magunia. Haikunuka pilau wala maandazi, wala ile harufu ya nguo mpya iliyotoka dukani ikiwa bado imekunjwa, ambayo wenzangu wakiisimulia macho yanawalegea. Kwetu Magomeni, Mtwara mjini, Desemba ilikuwa harufu ya magunia ya katani na vumbi la korosho ghafi, iliyoingia ndani na shati la baba kila alipotoka zamu. Baba alikuwa karani bandarini, na msimu wa korosho ukishaanza, bandari haijui sikukuu. Walimu walifunga shule, maofisa wa serikali waliomba likizo, baba yeye aliongezewa zamu. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti bila kuwasha redio, nami nilijua hapo hakuna mazungumzo mpaka anywe chai. Nilikuwa na miaka kumi, na mwaka huo mpika chai nilikuwa mimi.

Mama aliondoka mwezi wa kumi. Bibi, mama yake, alipata kiharusi huko kwetu Bukoba, upande mmoja wa mwili ukalala, na mama ndiye binti pekee. Alimfunga mgongoni mdogo wangu ambaye alikuwa hajaanza kutembea, akapanda basi kwa safari ya siku tatu, mimi nikaachwa kwa sababu ya shule. Tuliagana kwa ahadi kwamba Krismasi baba na mimi tutawafuata. Nyumba ikabaki na watu wawili wasiojua kuongea. Mambo ya Mungu nyumbani yalikuwa mikononi mwa mama: yeye ndiye aliyeanzisha wimbo jioni, yeye ndiye aliyeniuliza leo nimemkosea nani, yeye ndiye aliyeomba kwa sauti mpaka majirani wakajua shida zetu zote. Baba alifumba macho tu na kusema amina mwishoni, tena kwa sauti ya mtu anayekohoa. Sasa jioni tulikaa mezani, baba anatazama sahani, mimi namtazama baba, halafu anasema, "Haya, Koku, tule." Hiyo ndiyo iliyokuwa ibada yetu. Mwanzoni mwa Desemba akaniambia likizo imekataliwa, akainuka kwenda kuoga kabla sijauliza swali.

Kanisa letu lilikuwa la watu wa kuja. Majirani zetu wengi Magomeni walikuwa Waislamu, na sisi tulikuwa kikundi cha walimu, manesi, polisi na watu wa bandari kutoka Moshi, Njombe, Mbeya na Bukoba, tulioletwa na barua za uhamisho. Ikifika katikati ya Desemba kila mtu anakumbuka kwao, na kwaya iliyofanya mazoezi tangu Septemba inabaki na sauti ya pili peke yake. Mwalimu Eliaichi, aliyetufundisha shule ya Jumapili, alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuwa mjane wa Kipare, mwalimu mstaafu aliyebaki Mtwara kwa kuwa watoto wake walishatawanyika na hakujua amfuate yupi. Na bado kila mwaka alifanya kosa lile lile: aliikata habari ya kuzaliwa kwa Yesu vipande tisa, akampa kila mtoto kimoja cha kusimulia mbele ya kanisa siku ya Krismasi. Tena hakutaka tukariri. Alitaka kila mmoja aseme kipande chake kwa maneno yake, kana kwamba alikuwepo. Alisema ya kukariri yanapotea ukipata homa moja tu ya malaria, lakini uliyoyaona huyasahau.

Basi kila mtoto aliona ya kwao. Gloria, binti wa polisi, alikuwa mwenye nyumba ya wageni, akawaambia Mariamu na Yosefu kwamba kuna semina ya serikali, vyumba vyote vimechukuliwa na maofisa, labda wajaribu wiki ijayo. Elisha alimfanya Herode aongee kama mwalimu mkuu wetu, mikono nyuma, fimbo chini ya kwapa. Mimi nilipewa safari ya kwenda Bethlehemu, nikaijaza vumbi, vituo vya mabasi na mtoto anayelia, na nilipoifanyia mazoezi kanisani Mwalimu Eliaichi alitazama dirishani muda mrefu. Kipande cha wachungaji alipewa Alberto, ambaye familia yake ilitoka Msumbiji na ililima mpunga Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Mama yake alileta mchele sokoni na kulala kwa shangazi mjini, ndiyo maana Jumapili nyingi Alberto alikuwa nasi.

Shule zilipofungwa watoto wakaanza kuaga kwamba watasafiri, Gloria kwanza, kisha Elisha, kisha wale mapacha wa nesi. Siku hizo hizo tulikuwa tukifagia kanisa, tukaacha upande wa nyuma, na Mwalimu Eliaichi akatukaripia: "Mungu hapokei kazi nusu!" Alikuwa anasema habari ya ufagio. Mimi niliichukua ile sentensi nikaenda nayo nyumbani, na jioni ile nikafanya mapatano na Mungu bila kumshirikisha mtu. Kama Krismasi habari yote itasimuliwa, vipande vyote tisa, bila kuruka hata kimoja, yeye atamrudisha mama kabla hatujala chakula cha mchana. Niliona ni mapatano ya haki kabisa. Kuanzia hapo sikuwa na shaka hata kidogo, na ninakiri kwamba sijawahi tena kuamini kitu chochote namna ile.

Nilichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa, nikaanza kuwazungukia wenzangu kabla hawajasafiri. Wengine niliwapata nyumbani wakifunga mizigo, wengine kituo cha mabasi alfajiri, mama zao wakinisukuma pembeni kwa matenga. Niliwalazimisha waseme vipande vyao nami nikaandika kila neno, hadi kikohozi cha Herode. Halafu basi linaondoka, mikono inapunga dirishani, mimi ninarudi Magomeni kwa miguu na sauti zao kwenye daftari. Mazoezi niliyafanya barazani kwa Bi Somoe, jirani yetu, aliyenipa chakula cha mchana baba akiwa kazini. Alisuka ukili wa mikeka huku akinisikiliza, na kile cha mwenye nyumba ya wageni alinirudisha mara tatu ili acheke tena. Siku moja akaacha kusuka akaniuliza, "Mwanangu, na huyo Mariamu, mama yake alikuwa wapi? Mtoto wa kike anajifungulia mbali hivyo, peke yake, mama mtu hayupo?" Nilimwambia ninakwenda kutazama maharage jikoni kwetu, na jikoni hakukuwa na maharage. Nililia mpaka nikaona aibu, nikaosha uso, nikarudi kumaliza.

Zikabaki siku chache, na daftari lilikuwa na vipande vinane. Alberto alikuwa haji tena, maana mvua zilishaanza, mbegu za mpunga zilishamwagwa shambani, na yeye ndiye aliyezilinda. Nikamwambia baba kwamba nataka kwenda Mahurunga. Alikuwa na siku moja tu ya mapumziko, siku aliyoingoja alale. Aliniuliza kuna nini Mahurunga, nikasema kuna kipande changu cha mwisho, akanitazama kwa namna ya mtu anayetafuta kosa kwenye karatasi za meli. Kisha akaenda kuazima pikipiki ya mwenzake. Tulisafiri kwenye tope, miguu yangu imechafuka hadi magotini, nimeshika lile shati lake lenye harufu ya magunia. Nilitamani aniulize zaidi. Angeuliza mara ya pili ningemwambia yote, lakini baba hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Alberto tulimkuta shambani juu ya dungu, kile kichanja cha miti wanachokaa walinzi wa mazao, ana kombeo mkononi akifukuza ngedere. Hakushuka. Alisimulia kutoka kule juu, nami nikaandika nikiwa nimesimama majini. Wachungaji wake walikuwa wakilinda mpunga usiku dhidi ya viboko. Mwanga ulipotokea walidhani ni askari wa mpakani na tochi zao, wakasema leo tumekamatwa. Malaika akawatuliza, akawapa habari, wakakubali kwenda. "Lakini mmoja alibaki," Alberto akasema. Nikamwambia hilo halimo, Mwalimu Eliaichi hatakubali. "Andika," akasema. "Wote hawawezi kwenda. Viboko watamaliza mpunga. Lazima mmoja abaki." Niliandika kwa hasira. Tulipokuwa tunarudi baba akapunguza mwendo, akaniuliza yule aliyebaki anaitwa nani. Nikasema hana jina. Akatikisa kichwa, tukaendelea.

Siku ya Krismasi kanisani tulikuwa watu saba, pamoja na mchungaji. Baba alikuwa kazini mpaka saa sita. Mwalimu Eliaichi aliniita niseme kipande changu, akitazama mabenchi matupu kana kwamba anaomba radhi, nami nikapita mbele nikavisema vyote tisa. Nilikuwa Gloria, nikawa Elisha, nikawa mapacha kwa zamu, nikawa Alberto na yule mlinzi wake asiye na jina. Watu walicheka, halafu wakanyamaza, na nilipomaliza Mwalimu Eliaichi alikuwa ameufunika uso kwa kanga. Sikumjali. Nilikaa kwenye benchi la watoto peke yangu nikageukia mlango. Mahubiri yakapita, sadaka ikapita, mwuza samaki akapita na baiskeli yake, akachungulia, akaenda zake. Mimi nilikuwa nangoja kitenge cha mama. Ibada ilipokwisha nilikimbia nyumbani, kwa kuwa niliwaza labda basi limechelewa na ameona aende moja kwa moja. Mlango ulikuwa na kufuli vile vile nilivyoufunga.

Bi Somoe alituletea pilau, maana alisema nyumba isiyo na mwanamke haiwezi kula ugali siku ya sikukuu. Baba alirudi, akanawa, akakaa. Nilimngoja aseme "Haya, Koku, tule," na aliposema nikaangua kilio. Nikamweleza mapatano yote, daftari, vipande tisa, na kwamba mimi nimetimiza upande wangu. Baba akaweka kijiko chini. "Mimi pia niliomba, mama," akasema, maana akinihurumia aliniita mama. "Tangu siku aliyoondoka. Niliomba arudi upesi. Halafu siku moja, niko kazini, nikaelewa ninaomba nini hasa. Nikaacha." Nikamuuliza kwa nini aliacha. Akasema, "Kula, chakula kinapoa." Nilimchukia. Niliona kumbe ndiye aliyeharibu, mimi nasukuma mbele yeye anavuta nyuma, na Mungu akaona familia hii haijui inachotaka. Nilimnunia siku tatu, na katika nyumba ya watu wawili kununiana ni adhabu kwa wote.

Mama alirudi mwezi wa tatu. Alishuka kwenye basi amenyoa nywele, mdogo wangu anatembea kando yake na hanijui. Nilirukaruka pale kituoni, nilicheka kwa sauti, nikamwambia Mungu asante palepale mbele ya wapagazi. Baba akanishika bega akaniambia taratibu, mama yako amefiwa. Hata hapo sikuunganisha. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimekaa darasani katika somo ambalo halikuhusu chochote, nilipoona ghafla kwamba mama asingeweza kurudi Krismasi ile ila kwa njia moja. Bibi alikuwa hai. Kwa mapatano yangu, na daftari langu, na vipande vyangu vyote tisa, nilikuwa namwomba Mungu amuue bibi kabla ya chakula cha mchana. Baba alilijua hilo akiwa kwenye magunia, akaacha kuomba, akakubali nimwone mtu baridi asiye na imani. Miaka yote ile nilidhani mama ndiye aliyenifundisha kuomba.

Mtwara ya sasa si ile. Gesi na saruji vimeleta watu wengi zaidi wa kuja, kanisa limepanuliwa mara mbili, na Desemba bado linabaki na sauti ya pili peke yake. Mwalimu Eliaichi alishafariki, na shule ya Jumapili ninafundisha mimi. Lakini mwaka huu habari nimemwachia mwingine, kwa sababu niko Bukoba kitandani pa baba, aliyerudi kwao alipostaafu. Moyo wake umechoka, na daktari anaongea nasi kwa upole mno. Mama ni mzee, hawezi kumwinua, kwa hiyo ninamwinua mimi. Mume wangu amebaki Mtwara na binti yetu, Atu, mwenye miaka saba. Siku hizi hakuna kungoja barua wala kupanda kilima kutafuta mtandao, kila jioni ninamwona Atu kwenye simu, meno yaliyomng'oka, nywele alizosukwa vibaya na baba yake. Nilidhani kuonana kungepunguza upweke. Kumenionyesha tu ukubwa wake, kwangu na kwake.

Jana alinipigia mapema. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili, na uso wake ulikuwa na ule uhakika ninaoujua. "Mama, leo nimekuombea," akasema. "Nimemwambia Mungu urudi kabla ya Krismasi. Sasa sema amina." Nyuma yangu baba alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka taratibu, kinasita, kinapanda tena. Atu akangoja. "Mama, sema amina." Nikamwambia sisikii, mtandao unakatakata. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.