Parokia Moja, Fainali Mbili

Duka la kaka yangu lilikuwa katikati ya jiji la Durban, kwenye mtaa wa teksi, karibu na roboti, yaani taa za barabarani, ambako madereva walipiga honi hata taa ikiwa nyekundu. Lilikuwa duka moja lenye biashara tatu, kwa sababu kodi ya pale haibebwi na mtu mmoja. Mlangoni alikaa mama mmoja Mrundi, aliyeuza kava za simu, chaja na vitenge. Katikati palikuwa na kiti cha kinyozi, Mkongo wa Uvira kama sisi. Nyuma kabisa kaka alitengeneza simu, nami nilisimamia kompyuta na vibanda viwili vya kupigia simu nje ya nchi. Juu ya vibanda hivyo kaka alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA UNAFIKA NYUMBANI. Maneno hayo aliyachukulia kama kiapo. Mteja akishindwa kumpata mama yake Uvira au Bujumbura, kaka hakukubali chakula mpaka laini ipatikane.

Mzee mmoja wa kutoka Ireland alianza kuja kwetu kwa ajili ya simu iliyokuwa inazima ovyo, akaendelea kuja hata ilipopona. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli aliyestaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na yeye aliishi peke yake kwenye ghorofa South Beach. Magoti yalimtesa kiasi kwamba safari ndefu ya ndege daktari alishaikataza. Enzi za meli alikaa sana bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na huko alichota Kiswahili cha kazini, maneno mengi ya kuamuru na machache ya kuuliza. Kinyozi alimwita Papa, yaani baba, kama tunavyosema Kongo. Sisi wengine tulimwita Mzee.

Jumapili moja, watu walipokuwa wametoka kanisani na vibanda vimejaa, alimuuliza kaka kama kompyuta inaweza kukamata redio ndogo ya wilaya ya kwao. Kulikuwa na fainali. Kwao wana mpira wao wenyewe, unaochezwa kwa mikono na miguu, na timu ya parokia yake ilikuwa imefika fainali ya wilaya. Kombe hilo hawajawahi kulibeba tangu azaliwe. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, alicheza fainali moja wakafungwa. Sasa nahodha alikuwa mjukuu wa dada yake.

Kaka aliipata redio. Mzee alivaa visikilizio, akakaa ameshika magoti. Tulijua mambo yanavyokwenda kwa kumtazama shingo: ilikuwa inapanda na kushuka rangi. Zilipobaki dakika chache, umeme ukakatika. Mwaka ule umeme uligawiwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa, na zamu yetu ilikuwa imefika. Mzee hakuvua visikilizio. Alikaa hivyo gizani kwa muda, kisha akavitoa, akavikunja waya vizuri na kumpa kaka mkononi.

"Asante, bwana," alisema, akaenda zake.

Kaka aliyatazama yale maandishi mekundu.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta Mzee amesimama mbele ya mlango wa chuma kabla hatujaufungua. Dada yake alikuwa amempigia simu.

"Sawa sawa!" alisema, akilinganisha viganja vyake viwili. "Hapana shinda, hapana shindwa. Jumapili rudia."

Kinyozi alikuwa ameshapata mteja wa kwanza. Alizima mashine katikati ya kichwa cha mtu.

"Sare? Na penalti je, Papa?"

"Hapana penalti. Rudia yote."

"Fainali nzima? Eish! Sisi tungemaliza palepale, watu waende kula."

"Weye unataka kila kitu kiishe haraka," Mama Mrundi alidakia kutoka mlangoni. "Ndiyo maana unakata nywele za watu kama unafukuzwa."

Mteja alicheka kwenye kioo, nusu ya kichwa ikiwa bado msitu.

"Mama, hapa tunaongea mpira."

"Na mimi naongea mpira. Wanaume wamekimbia saa nzima wakalingana. Halafu mmoja apige teke moja likose, wote wahesabiwe wameshindwa? Hapana. Warudie. Hiyo ndiyo heshima."

Mzee alimwendea akampa mkono. Kaka peke yake hakuingia kwenye ubishi. Alisubiri kelele zipungue, akasema taratibu, "Mzee, Jumapili hii utasikia mpaka mwisho. Mimi nimesema."

Wiki ile yote duka halikuwa na habari nyingine. Wateja walioingia kununua chaja walitoka wanajua kanuni za mpira ambao hawajawahi kuuona. Mzee alituchorea goli kwa kidole juu ya vumbi la kioo cha kaunta: nguzo mbili ndefu zinazokwenda juu, mwamba katikati, wavu chini ya mwamba. Mpira ukiingia wavuni, pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya nguzo, pointi moja.

Kinyozi aliinama akaukagua mchoro.

"Ngoja, Papa. Nikipaisha, wananipa pointi?"

"Moja."

"Watu wanapiga makofi?"

"Sana."

Lazima nieleze kwamba kinyozi alikuwa mshambuliaji wa timu yetu ya Jumamosi kule Greyville, na akipiga yeye, mtu alitumwa mapema kwenda kusimama barabarani kuudaka mpira usigongwe na magari. Aliinua mkasi juu kama anahutubia.

"Sikieni nyote! Miaka hii yote mnanicheka, kumbe mimi si mchezaji mbaya. Nilizaliwa tu nchi ya makosa!"

"Huko nako ungekosa," alisema Mama Mrundi. "Ungepiga pembeni ya nguzo."

Siku nyingine kinyozi aliuliza nahodha analipwa kiasi gani. Mzee alitikisa kichwa. Hakuna anayelipwa. Nahodha ni mwalimu wa shule, golikipa anakamua ng'ombe. Na mchezaji hanunuliwi. Unachezea parokia ulimozaliwa, mpaka miguu ikatae.

"Na ukihama?"

"Hama, unaweza," Mzee alisema. "Lakini watu tazama wewe."

Alituonyesha watakavyokutazama, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Hapo kaka aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua. "Kwa hiyo wewe, Mzee, ungekuwa na magoti mazima, leo ungecheza wapi?"

"Pale tu."

Neno parokia tulilijua sote. Tulikulia humo, na kila parokia yetu ilikuwa na uwanja nyuma ya kanisa. Kaka ndiye aliyeanza. Alisema uwanja wa parokia yetu uliinamia upande wa ziwa, na mpira ukitoka ulikwenda majini moja kwa moja, hivyo golikipa wa upande wa chini alichaguliwa kwa kujua kuogelea. Kinyozi akasema parokia yao, ng'ambo ya mto, iliwafunga wetu miaka yote, na golikipa wetu hata kuogelea hakujua. Wakabishana mpaka mteja akaomba amaliziwe ndevu.

Kisha Mama Mrundi, ambaye alikuwa akipanga kava zake, alianza kusema bila kumtazama mtu. Parokia yao ilikuwa juu ya kilima. Kaka zake watatu walicheza, na yeye ndiye aliyebeba maji ya timu. Akaitaja timu nzima, kuanzia golikipa mpaka wa kumi na moja, akihesabu kwa vidole, pamoja na kazi ya kila mmoja: huyu seremala, huyu fundi wa baiskeli, huyu alikuwa anasomea upadre. Mtu aliyetaka kava alisubiri na kava yake mkononi.

"Hakuna kilima kilichotufunga pale juu," alisema. "Hakuna."

Nilikuwa nimekaa naye duka moja kwa miaka. Nilijua watoto wake, nilijua namna alivyokimbia. Kwao kama mahali pa kujivunia nilikuwa sijawahi kumsikia akipataja. Wala sisi. Kwetu tulikuwa tumezoea kupaeleza kwa maafisa wa wakimbizi kama mahali tulipotoka mbio, na mtu akieleza hivyo mara nyingi, anasahau kwamba palikuwa na uwanja. Wiki ile tulianza kuzungumza tumenyoosha migongo.

Kaka naye alikuwa akijiandaa. Aliazima betri ya gari kwa dereva mmoja wa teksi, akaiunganisha na kifaa cha kugeuza umeme, akaijaribu mara kwa mara mpaka kompyuta moja na mtambo wa intaneti vikakaa kwenye betri bila kutetereka. Jumapili ilipofika, watu waliokuja walizidi viti. Mafundi wa saluni ya jirani walikuja na vitana vimechomekwa nywelani, na wanakwaya walikuja na sare zao. Waliobaki nje walisimama kwenye njia ya miguu. Safari hii hakukuwa na visikilizio. Kaka alifungulia spika.

Umeme ulikatika mapema katika kipindi cha pili. Kompyuta haikushtuka. Duka zima likashangilia betri kana kwamba imefunga goli, na kaka akajifanya hajasikia.

Timu ya Mzee ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, dakika zikiwa zimebaki kidogo, pale mtangazaji alipokatika katikati ya neno. Kaka aligusa betri, akatazama mtambo. Kila kitu kwetu kilikuwa kinafanya kazi. Ilikuwa ni redio yenyewe huko kwao, iliyozidiwa na watu wa wilaya ile waliotawanyika duniani, wote wakisikiliza kwa pamoja. Kaka alijaribu tena na tena. Kiduara kilizunguka kwenye kioo. Mzee alinyanyua mkono taratibu akatafuta kofia yake.

"Kaa, Mzee," kaka alisema. "Namba ya dada yako?"

"Yeye iko uwanjani."

"Ndiye ninayemtaka huyo."

Hii sasa ilikuwa kazi yetu halisi. Nilipiga kwa simu ya kibandani na kuwasha spika yake. Ikaita na kuita. Kisha ikapokewa, na kelele za uwanja zikaingia dukani kama maji. Sauti ya mwanamke mzee ilikuwa inapiga mayowe kwa Kiingereza ambacho hata sisi tuliosoma hatukukipata neno. Mzee aliinamia simu, akasikiliza, akageuka.

"Pita juu! Pointi! Moja tu bado!"

"Wamepaisha!" kinyozi aliwapigia kelele waliokuwa nje. "Wamepaisha, iko bado pointi moja!" Na Mama Mrundi akaisema kwa Kirundi, mkono mmoja kiunoni, kwa sauti iliyovuka barabara.

Ndivyo fainali ile ilivyosafiri: kutoka kwa dada kwenda kwa Mzee, kwa Mzee kwenda kwa kinyozi, kwa Mama, mpaka kwa watu waliosimama kwenye roboti. Mpira uko kwetu. Wamepokonywa. Umerudi. Mjukuu ameubeba. Ameudundisha. Ameangushwa. Kisha dada aliita jina mara moja, likafuatiwa na kishindo kikubwa, sauti yake ikapotea.

"Nani?" kinyozi aliuliza. "Papa, nani?"

Mzee alikuwa ameshika meza. "Sijui."

"Si wanashangilia?"

"Wote shangilia namna hiyo. Wale na sisi."

Tukasubiri. Simu ilikuwa hewani bado. Tulisikia miguu ikikimbia, mluzi, watoto, kitu kikigongagonga kama simu imeanguka. Mama Mrundi alifumba macho, midomo ikicheza. Kelele zilikwenda hivyo kwa muda nisioweza kuupima, mpaka kipaza sauti kikakoroma mbali, umati ukatulia, na kijana mmoja akaanza kuzungumza. Hakuzungumza Kiingereza. Ilikuwa lugha nyingine, nzito na laini kwa pamoja, ambayo hatukuwahi kuisikia.

Mzee alivua kofia.

"Sauti ya baba yangu," alisema. "Kabisa, sauti ya baba yangu."

Alitueleza, kofia mkononi. Yule kijana alikuwa mjukuu wa dada yake, na nahodha anayebeba kombe ndiye anayepewa kipaza sauti, na huanza kwa lugha yao ya zamani kabla ya Kiingereza. Aliyefungwa hahutubii.

Kinyozi alitoka nje mikono juu, na nje kulipokea. Madereva wa teksi walipiga honi bila kujua sababu. Mama Mrundi alipiga vigelegele, wanakwaya wakaanza wimbo wao wa Pasaka ingawa haikuwa Pasaka. Dada lazima alitusikia, kwani sauti yake ilirudi karibu, imekauka, ikiuliza kitu. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza.

"Yeye uliza, kelele hiyo ya nani?"

"Mwambie ni parokia," alisema Mama Mrundi.

"Yeye atauliza parokia gani."

Mama alimsogeza kando kwa kiwiko, akainamia simu, akaitaja parokia yake, ile ya kilimani, polepole na kwa ukamilifu wake. Kinyozi akaja akataja ya kwao. Kaka akataja yetu. Waliosimama nyuma walisogea mmoja mmoja, Wakongo kwa Warundi, na kila mmoja alisafisha koo kwanza. Upande wa pili, yule mwanamke alirudia kila jina baada yao, akilikosea, na walimsahihisha mpaka alipatie.

Baadaye watu walitawanyika. Dada alikuwa ametia simu mfukoni bila kuikata, na tulisikia nyayo zake kwenye kokoto, mlango wa gari, honi nyingi zikitangulia barabarani. Mzee alikaa kwenye kiti cha kinyozi, macho juu ya spika. Nilinyoosha mkono kukata laini, maana mechi ilikuwa imekwisha na watu wawili walikuwa wanasubiri kibanda.

Kaka alinishika mkono.

"Acha," alisema. "Hajafika nyumbani."