Ukurasa wa Kumi na Saba

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya uhasibu na fedha, chuo kilitutuma staji, yaani kufanya kazi mahali pa kweli kwa miezi mingi, kisha kuandika ripoti na kuitetea. Wenzangu wengi walipata nafasi kwenye mabenki ya Bujumbura. Mimi nilipokelewa na ushirika mmoja wa mawese Rumonge, kwa kuwa shangazi yangu aliishi huko na kwake nisingelipa chumba. Wenzangu niliwaambia naenda kwenye kampuni ya mafuta, nikawaacha wafikirie wanachotaka.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala. Meza mbili, kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na mhasibu mmoja, mzee wa Minago aliyekuja kila asubuhi kwa pikipiki ya kukodi, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Direkta ndiye aliyenikabidhi kwake.

"Mzee, huyu ni stajieri wetu. Mufundishe."

Akanifundisha. Chuoni walinipa nadharia, lakini yule mzee ndiye aliyenionyesha kwamba hesabu mbili zisipolingana, na tofauti yake ikigawanyika kwa tisa, basi kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Usihangaike na daftari zima, tafuta hizo. Wanawake walipoleta madumu yao ya mawese, alimtaja kila mmoja kwa jina kwa kusikia sauti tu, akauliza habari za mgonjwa wake au za shamba lake. Mimi nilidhani ni uchangamfu.

Kila siku aliniambia, "Binti, nisomee karatasi hii, miwani nimeisahau nyumbani." Nikamsomea. Yeye akaandika kwenye daftari kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya wiki tatu hivi nilimtania: "Mzee, kesho nitamwomba mama wa nyumbani kwako akufungie hiyo miwani shingoni."

Hakucheka. Alikwenda kufunga mlango, akarudi kukaa.

"Hakuna miwani. Daktari wa Bujumbura alisema miwani haisaidii tena. Wewe naona umekaa hapo, lakini uso wako siuoni." Alichukua kalamu yake. "Hiyo iko ya sisi wawili."

"Ya sisi wawili, Mzee."

Tangu siku hiyo tulifanya kazi vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu hakuna aliyelazimika kujifanya. Nilisoma, aliandika, nilikagua. Wakati mwingine alinikosoa mimi: nilisoma haraka, nikaruka mstari, naye akajua, kwa sababu jumla aliibeba kichwani. Miezi yote ile sikukuta kosa lake hata moja. Naapa.

Ripoti yangu ya kwanza ilirudishwa na mwalimu aliyenisimamia chuoni. "Umesifu tu," aliniambia. "Udhaifu uko wapi? Hakuna kampuni isiyo na udhaifu. Hivi ulivyoiandika, utapita, lakini kwa shida."

Sikutaka kupita kwa shida. Nilikuwa nimesomeshwa na familia nzima, na nilitaka alama ambazo mama angezitangaza mtaani. Nilikaa nyumbani kwa shangazi na kompyuta ya kuazima, nikatafuta udhaifu wa ushirika, na udhaifu nilioujua vizuri kuliko wote ulikuwa ule nilioambiwa mlango umefungwa. Niliuandika kwa Kifaransa kizuri sana. Sikumtaja jina. Niliandika kwamba mtu anayetunza vitabu vya hesabu ameanza kupoteza uwezo wa kuona mwaka huu, kwamba makosa yangeweza kutokea, na kwamba inafaa kazi ihamishiwe kwenye kompyuta mikononi mwa kijana mwenye diploma. Ulikuwa ukurasa wa kumi na saba.

Nilijua nakala moja lazima iende kwa direkta. Nilijiambia direkta hasomi.

Nilitetea ripoti, nikapata alama nilizozitaka, mama akazitangaza. Halafu direkta akanipigia simu.

"Umetufungua macho," alisema. "Mzee tumempumzisha. Kiti chake kiko wazi. Unakuja lini?"

Ningeweza kuuliza amepumzishwa vipi, alisema nini, alikwenda nyumbani na nini. Nikajibu, "Jumatatu."

Ulipita mwezi mzima kabla sijapata moyo wa kwenda Minago. Nilinunua sukari na sabuni, nikapanda pikipiki. Mkewe alikuwa anageuza mihogo iliyoanikwa mbele ya nyumba. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, shati limepigwa pasi vilevile.

"Amahoro, Mzee."

"Amahoro. Ni wewe, binti. Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini kabla sijayaanza alimwita mkewe alete mfuko fulani. Ndani yake mlikuwa na ripoti yangu.

"Direkta alinipa hii siku ya mwisho," alisema. "Mama hapa hajui Kifaransa. Nisomee."

Nikasoma. Utangulizi, historia ya ushirika, namna mawese yanavyopokewa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, mara nyingine akisema, "Vizuri." Nilipofika ukurasa wa kumi na sita, vidole vyangu vilishika karatasi mbili pamoja, nikazigeuza, nikaendelea na wa kumi na nane bila kupumua.

"Umegeuza mbili," alisema.

Nilirudisha karatasi moja nyuma.

"Direkta alishanisomea ile uliyoruka. Nataka niisikie kwako."

Nikaisoma. Alisubiri mpaka nukta ya mwisho.

"Umeandika macho yalianza mwaka huu. Iko kosa. Ni miaka mitatu." Alisema bila hasira, kama alivyokuwa akinisahihisha ofisini. "Na umeandika makosa yangeweza kutokea. Yalitokea?"

"Hapana, Mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi na hilo lingeandikwa."

Nilianza kulia. Nikasema nisamehe, Mzee, nikalirudia mara nyingi. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Aliuliza kama nimekula, na kabla sijajibu akamwambia mkewe alete chakula. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, sisi watatu, akiniuliza habari za wanawake wa madumu mmoja mmoja, kama yule aliyejifungua anaendelea vizuri, kama yule wa Kabezi bado anagombana na mpima mafuta.

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika alinishika mkono.

"Murakoze kwa sukari. Lakini usirudi, mwanangu. Ukiwa hapa anajikaza. Ukiondoka, mimi ndiye nabaki naye."

Nilisema, "Ndiyo, Mama."

Nilifanya kazi kwenye kile kiti miaka miwili, kisha nikahamia Bujumbura. Minago sijarudi. Nikiulizwa na nafsi yangu, nasema namtii yule mama. Lakini siku ile, pikipiki ilipoondoka, nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu.