Mtoto Wangu Kwenye Bango la Yatima

Uvumilivu wangu uliishia mtaani kwetu Bukoto, mbele ya bango kubwa. Muuza chapati wetu, Baba Juma, alinipigia kelele: "Mama Salha! Kumbe ulikufa, hata matangani hukutuita?" Nikacheka. Kisha nikatazama juu. Binti yangu Salha, machozi mashavuni, na chini wameandika kwamba ni yatima na ana njaa.

Salha akanivuta gauni. "Mama, umekufa?"

Hapo ndipo niliposhindwa.

Picha ile niliipiga mimi. Siku yangu ya kwanza kazini, nimetoka tu sekondari, bosi wangu wa studio kule Old Kampala hakunipa kamera. Alinipa kioo na kitana. "Binti, mteja ajitazame kwanza. Asipojipenda humo, usibonyeze." Nikatembea na kioo hicho miaka yote ya harusi na mahafali ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, mpaka nilipoajiriwa na shirika moja la misaada kupiga picha za maisha ya watu.

Huko nikakutana na Mkuu wa Mawasiliano. Siku moja kina mama walikuja kliniki ya shirika wamevaa gomesi zao za sikukuu, maana watapigwa picha! Bwana huyo akaninong'oneza: "Waambie wabadilishe. Nani atamchangia mtu aliyependeza?"

Nikamjibu kwamba mimi sivui watu nguo. Nikawapa kioo, nikawapiga picha na gomesi zao.

Sasa, kabla ya kupiga tunapima mwanga: unakalisha mtu yeyote pale, unabonyeza, unarekebisha kamera. Nilimkalisha Salha, niliyekuwa nimekuja naye. Alikuwa analia kwa sababu nimemnyang'anya simu. Njaa gani? Ametoka kumaliza chapati na mayai! Picha za kupima ni za kutupa, lakini kanuni ya shirika ni kukabidhi kadi ya kamera bila kufuta kitu. Nikakabidhi. Bwana mkubwa akaziruka gomesi zote, akachagua machozi ya mwanangu.

Kutoka pale kwenye bango, nikamfuata ofisini, Salha mgongoni.

"Nyabo, mama, tulia. Ni picha tu."

"Yatima? Aliyeshika kamera alikuwa nani, mzimu?"

"Picha ni mali ya shirika."

"Na mtoto?"

Akacheka. "Hujaridhika? Andika malalamiko."

Nikaandika, nikapeleka kwa bosi wake, nikasubiri mpaka wakagonga muhuri:

"Kwa Mkurugenzi. Mimi ni mpiga picha wenu, na ni mama mzazi wa mtoto mliyemtangaza yatima. Baba yake pia yu hai, ni askari polisi. Ninataka bango lishushwe na picha ifutwe kila mlikoiweka. Kabla halijashushwa, Mkuu wa Mawasiliano aje Bukoto asimame chini yake, awaambie majirani kwa mdomo wake kwamba mtoto huyu ana mama. Salha awepo, asikie. Nimeambatanisha picha yake niliyopiga leo, baada ya kumpa kioo."