Picha ya Baba Mkwe

Kakao iliyovundikwa kwenye majani ya mgomba ina harufu ya uchachu inayopanda hadi puani. Wageni huikunjia uso. Mimi nikiinusa, hata leo, hunirudisha utotoni, maana ndiyo iliyojaa katika kile chumba wiki ambayo mama yangu alikuwa anapanga studio yake ya picha, wakati hatujui hata kama tutaachiwa chumba chenyewe.

Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyojenga baba kwenye mji wa babu, pale Ipyana. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Picha yake pekee ililowa mwaka ambao maji ya mto yaliingia ndani. Uso ukafutika, likabaki shati. Nadhani hapo ndipo mama alipoanza kuwaza kamera. Alikuja kuipata kwa mtu wa Mbeya, imeshatumika, ya kioo kidogo nyuma. Baba mdogo naye alikitaka chumba hichohicho aweke magunia yake ya kakao, na mengine alikwisha kuyaingiza. Wa kuamua alikuwa babu. Akikataa, mama angerudi kwao Mwaya kutafuta riziki, na mimi, mtoto wa ukoo, ningebaki. Hakuna aliyeniambia hilo. Nililisikia jikoni.

Jibu la babu lilipitia kwangu, kama yalivyopita maneno yote kati yake na mama.

"Kamwambie mama yako anipige picha mimi kwanza. Jumapili, nikitoka kanisani. Nikiiona hiyo picha ndipo nitasema."

Mama alikaa chini kabisa, kwenye sakafu. Kwetu Wanyakyusa, hasa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akisikia anakuja, hujificha au hugeukia ukuta, na mzee naye hukohoa tangu mbali ili apishwe. Siku hizi wengi wameacha. Babu hakuwa ameacha. Mama alikuwa ameishi kwenye mji ule miaka yote bila kuujua uso wa mwenye mji, na sasa alitakiwa aupige picha.

Basi akakipanga chumba kwa maneno yangu. Alichora chaki sakafuni, stuli hapa, kamera pale, akatundika shuka jeupe mkabala na dirisha ili lirudishe mwanga, na kila anachogusa ananihoji. Akikaa, kichwa kinafika wapi? Macho yameingia ndani? Mashavu je? Nikamwambia babu ana pua kama yangu ila kubwa, na nywele masikioni.

"Atupele, acha mchezo," akasema, ingawa mdomo ulimcheza. "Uso ukiingia giza, tumekwisha."

Jumapili umeme ukakatika. Taa tuliyoitegemea haikuwaka, na wingu zito lilikuwa linakuja kutoka ziwani. Babu akakohoa njiani. Mama akaingia nyuma ya pazia alilotundika kwenye kona, mahali pa kuona shuka tu. Tulikubaliana kwamba akiona shuka limeng'aa atagonga ukuta, nami nibonyeze.

Nilimkalisha babu kwenye chaki. Baba mdogo akaja kusimama mlangoni, mikono kifuani, akaziba hata ule mwanga kidogo uliokuwepo. Nilimwogopa sana baba mdogo. Niliangalia pazia, kisha nikamgeukia yeye.

"Baba mdogo, unaziba mwanga," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba mno.

"Sogea hapo," babu akamwambia, bila kugeuza shingo.

Tukangoja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kamera. Halafu wingu likaachia kidogo, ukuta ukagongwa, nikabonyeza.

Nikaipeleka kamera nyuma ya pazia. Mama alikifunika kioo kwa kiganja, akasita. Sijui kama alikuwa anajiuliza iwapo kuitazama picha ya mtu ni sawa na kumtazama mwenyewe. Kisha akaondoa mkono. Nikaona anakalia gunia, ameziba mdomo kwa khanga, machozi yanamtiririka. Nilijua basi, imeharibika, mama anaondoka.

"Atupele," babu akaita, "imetoka?"

Mama akaniashiria nimpelekee.

Babu aliishika mbali na macho, kisha karibu, akakaa nayo hadi baba mdogo akaanza kubadili miguu. Halafu akasema kwa sauti kubwa, ameelekea pazia, kana kwamba mimi sipo:

"Chumba ni cha mkamwana wangu. Ndaga fijo."

Asante sana, ya Kinyakyusa. Sikuwahi kumsikia akimpelekea mama neno bila kulipitisha kwangu.

Kwa miaka niliamini mama alilia kwa hofu iliyokuwa inamtoka. Lakini picha ile ilipochapishwa hakuitundika studio pamoja na za wateja. Aliiweka chumbani kwake, karibu na mto wa kulalia, na babu alipokwisha kuzikwa ikabaki palepale. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimu mama nikamuuliza kwa nini. Akapitisha kidole kwenye paji la uso wa babu, akashuka hadi mdomoni.

"Baba yako alikuwa hivihivi," akasema.

Kumbe siku ile nyuma ya pazia alikuwa amemwona mumewe, ana mvi ambazo hakuwahi kuzifikia.